Dawa ya Samaki

Daktari alipomwambia mume wangu kwamba mgongo wake lazima ufanyiwe upasuaji, hakuuliza kama atatembea. Aliuliza atalazwa kwa muda gani, maana samaki wake wataangaliwa na nani. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, mkoba mapajani. Nilimkata jicho mpaka daktari mwenyewe akajifanya anatafuta kalamu.

"Kwani mimi nani?" nikamuuliza tulipofika nje. "Sanamu?"

"Wewe huwapendi."

"Siwapendi, ndiyo. Lakini umewahi kuona nimemnyima mtu chakula nyumbani kwangu?"

Mume wangu ni fundi wa lifti, au alikuwa, kabla mgongo haujamgeuka. Miaka ya kuinama kwenye mashimo ya lifti za watu ilimrudisha nyumbani hawezi kufunga hata kamba za viatu. Maumivu yalipozidi akawa hataki kuongea na mtu, si mimi, si mama yake. Kilichokuwa kinamtoa kitandani asubuhi ni kitu kimoja tu: lile tangi la kioo sebuleni, lenye maji ya chumvi, taa za buluu na matumbawe aliyoyakuza mwenyewe kutoka vipande vidogo kama kucha. Anapima maji, anasugua kioo, anapiga soga na samaki. Yule wa buluu anayeogelea kifua mbele tunamwita Mheshimiwa. Na kuna kamba mwenye sharubu ndefu nyeupe, kazi yake kuwasafisha wenzake, huyo ni Kinyozi.

Mimi nilikuwa nalalamika, tena si kimyakimya. Ndoo kila kona, chumvi kwenye zulia, pampu inanguruma tukiwa na wageni. "Iko siku nitawamwaga wote chooni," nilikuwa nasema, na mama mkwe alinisikia mara nyingi kuliko inavyopendeza.

Lakini siku chache kabla ya kulazwa mume wangu alikaa mbele ya kile kioo akasema, "Nikirudi nikakuta limekufa, sijui nitakuwa naamkia nini." Hakusema kwa kunitisha. Alisema huku anatazama magoti yake. Nilimwahidi kwamba atalikuta zima, na ahadi ni deni, hata kama ni deni la samaki.

Basi akanituma nikanunue dawa. Alikuwa amewafuga miaka yote hiyo kwa bahati tu, bila hata chupa moja ya akiba, na sasa hofu ikampanda. Nikamwambia humu ndani hata plasta ya kidole hatuna, wanadamu tunajifunga vitambaa, lakini samaki wafunguliwe zahanati! Akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi, kwa hiyo nikabeba mkoba nikaenda.

Muuza samaki wa mapambo alikuwa mtu mnene, vidole vimekunjamana kwa maji. Alinipangia vitu juu ya meza: tangi dogo la wagonjwa, hita yake, pampu ya hewa ya betri umeme ukikatika, mfuko wa chumvi, wavu, sirinji, vipimo vya maji, na chupa nne. Moja ya minyoo. Moja ya fangasi. Moja ya kuogeshea matumbawe yakipata vidonda. Ya nne aliishika hakuiachia.

"Mama, ukisahau yote, hili usisahau. Hii ina shaba ndani. Ni kwa wale wadudu wa vidoa vyeupe. Samaki anatolewa kwanza, anatiwa kwenye tangi la wagonjwa, ndipo dawa inaingia humo. Ukiimimina kwenye tangi kubwa, samaki atapona, lakini kamba, konokono na matumbawe, kwaheri. Na haitoki tena, inajificha kwenye mawe."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Nyumbani nikapanga kila kitu kwenye kikasha changu cha kushonea. Maandishi ya kwenye chupa yalikuwa madogo kama mchanga, tena ya lugha ya watu, na nyumbani angebaki mama mkwe, aliyekuja kutusaidia. Nikabandika karatasi nikaandika kwa kalamu nene, kwa Kiswahili chetu: DAWA YA MINYOO. DAWA YA FANGASI. DAWA YA MATUMBAWE. Ile ya shaba nikaiandika DAWA YA SAMAKI. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana.

Upasuaji ulikwenda vizuri, tunashukuru. Kesho yake nilikuwa nimekaa karibu na kitanda chake namenya chungwa, yeye anasinzia na kuamka, simu ikaita. Mama mkwe.

"Mwanangu, Mheshimiwa ana vipele vyeupe mwili mzima. Anajikuna kwenye mawe kama mbuzi."

Nikatoka mbio hadi kwenye korido ili mgonjwa asisikie. Daktari alikuwa amesema asipewe habari za kumshtua. "Mama, fungua kikasha. Chukua chupa niliyoandika dawa ya samaki."

"Dawa ya nini?"

"Ya samaki! Jaza kifuniko kimoja."

"Niiweke wapi?"

"Kwenye maji, Mama! Kwani dawa ya samaki inawekwa wapi, kwenye chai?"

Akauliza polepole, "Una uhakika, mwanangu?"

"Weka, Mama, usichelewe!" Muuguzi akanitolea macho kwamba napiga kelele hospitalini. Nikakata simu, nikarudi kwenye chungwa langu nimetulia kabisa, najipongeza.

Mume wangu akafungua jicho moja. "Kinyozi hajambo?"

"Kinyozi mzima," nikasema, na neno halijaisha mdomoni, nikamkumbuka muuza samaki. Kamba. Konokono. Matumbawe. Sikusema tangi dogo. Yule mama ameniuliza kwa kinywa chake aiweke wapi, na mimi nimemjibu kwa kejeli.

Nikamwambia mgonjwa naenda msalani. Kwenye ngazi nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena nikiwa nje, haipatikani. Dereva wa teksi aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado, kanyaga mafuta. Njia nzima nilikuwa namwona mume wangu anaingia sebuleni na mkongojo wake, anasimama mbele ya kioo cheupe kisicho na kitu, na ninajua kabisa atakachofanya: hatanigombeza. Atakwenda kulala. Hilo ndilo lililonitia machozi, kwamba hatanigombeza. Haraka haraka haina baraka, tunawaimbia watoto, lakini sisi wenyewe, wapi!

Niliusukuma mlango kwa bega. Mama mkwe alikuwa ameweka kiti mbele ya tangi, amekaa kama mlinzi wa benki, mikono kifuani. Simu yake ilikuwa juu ya kabati, imezimwa. Macho yangu yakamruka yakaenda kwenye kioo.

Matumbawe yamechanua. Konokono anapanda ukuta. Kinyozi yuko juu ya jiwe lake, sharubu zinapepea, hana habari na mtu.

"Umeiweka saa ngapi?" nikauliza.

"Sikuiweka."

Nikakaa chini pale pale kwenye zulia la chumvi, nikaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Hukuiweka! Mama, hukuiweka!"

"Siiweki, na ukitaka tugombane, tugombane," akasema, mikono bado kifuani. "Mimi si muuaji. Dawa ya panya inafanya nini? Inaua panya. Dawa ya mende? Humo humo kwenye kikasha chako kuna dawa ya minyoo, je, ni ya kuwanenepesha minyoo? Kuna ya fangasi. Halafu unaniambia chukua dawa ya samaki, weka kwenye maji, usichelewe. Nikatazama tena, nikaona na ya matumbawe umenunua. Nikasema loo, huyu leo ameamua kumaliza ukoo mzima!"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilijaribu kumweleza, nikashindwa, nikacheka tena. Yeye hakucheka. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anatania. Tangu nilipokata simu, mama huyu alikuwa amekaa hapo akiamini kweli nimemwagiza awaue samaki wa mwanawe. Mdomo wangu ulikuwa umeshamfundisha kunidhania hivyo.

Nikafuta machozi, nikamweleza yote taratibu: shaba, wadudu, tangi la wagonjwa. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie ile sehemu ya kamba. "Kumbe ningeiweka ningeua," akasema.

"Ungeiweka, mimi ndiye ningeua."

Tukafanya kazi. Tukasogeza tangi dogo kwenye meza ya jikoni, tukalijaza maji ya chumvi, tukawasha hita na hewa, tukangoja joto lilingane. Samaki wote ilibidi watoke, si Mheshimiwa peke yake, ili wadudu waliobaki kule wakose wa kumng'ang'ania, wafe njaa. Mheshimiwa alitutesa. Mama mkwe alipandisha kigauni chake, akapanda kigoda, akamziba njia kwa ubao wa kukatia nyanya, mimi nikamchota na wavu. Nikapima dawa kwa sirinji, si kwa kifuniko tena, na kila tone nilimsomea kwa sauti.

Jioni Mheshimiwa alikula. Nikampigia mume wangu, nikamwomba radhi kwa kutorudi kutoka msalani, nikamwambia samaki wake wako zahanati na wanaendelea vizuri, na matumbawe hayana neno. Akavuta pumzi ndefu, kisha akaniuliza kama na mimi nimekula. Nikamwambia bado.

Tukakaa jikoni mimi na mama mkwe, tunatazama lile tangi dogo. Sasa nilikuwa na nguvu za kuuliza.

"Mama, mbona ulizima simu?"

"Ungepiga tena ukanibembeleza. Nakujua, una maneno matamu ukitaka."

"Na kama ningefika nikawaua mwenyewe? Ungemwambia nini mwanao?"

Akanitazama kama ananishangaa kuuliza.

"Hilo nilikuwa nimeshalipanga," akasema. "Ningemwambia ni mimi. Mzee, macho hayaoni, nimekosea chupa. Angenikasirikia, basi." Akainama kumtazama Mheshimiwa kwa karibu. "Mama haachiki, mwanangu. Mke anaachika."