Mfupa Ndani ya Kaniki

Tabibu Athanas alikuwa amemaliza kuwahudumia wagonjwa wa asubuhi wakati Masele, mchimbaji wa dhahabu kutoka maduara, yale mashimo ya machimbo mlimani, alipoingia bila kubisha hodi na kuweka mezani, kando ya bakuli la sindano, kifurushi cha kaniki kilichonuka samli iliyochacha. Hakuwa mgonjwa. Alitaka kitu chake kipimwe.

Ndani mlikuwa na mfupa uliopakwa mafuta mekundu na kuviringishiwa nywele. Masele alieleza kwa utulivu wa mtu anayeulizia ubora wa jembe. Mganga mmoja alimpa kwa ng'ombe wawili, akamwambia ni mkono wa mtoto, na kwamba ukifukiwa mdomoni mwa duara dhahabu haitajificha. Miezi miwili imepita, duara linatoa maji na tope. Sasa anashuku amepunjwa. Daktari, anayeijua mifupa yote ya mwili kwa majina, aseme.

Athanas aliijua kweli. Katika shule ya bweni ya mapadri alikariri mifupa kuanzia fuvu hadi vidole vya miguu, na kwa miaka kumi na minne ya kazi hakuwahi kutamka uongo juu ya mwili wa mtu. Aliushika ule mfupa kwa koleo. Kigasha cha binadamu, chini ya kiwiko, kina mifupa miwili iliyoachana, radiasi na alna. Huu ulikuwa miwili iliyoungana tangu tumboni, mfereji ukipita katikati, ncha ikigawanyika mara mbili ili kupokea kwato. Mguu wa mbuzi. Nusura acheke kwa faraja.

"Ukiwa wa mnyama, utafanyaje?" aliuliza kwanza.

"Namrudishia. Anitafutie wa kweli." Masele alijikuna shingo. "Wala si mbali, daktari. Pale nyuma ya kanisa udongo bado mbichi."

Nyuma ya kanisa alilala binti wa Apolonia, mhudumu wa zahanati hiyo hiyo, aliyekufa kwa surua siku tisa zilizopita. Kituo cha polisi kilikuwa Geita, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli. Kaburi la mtoto hufukuliwa kwa saa moja.

"Ni wa mtu," alisema Athanas.

"Mkono upi? Mganga alisema wa kulia."

Hilo hakulitarajia. Aliugeuza mguu wa mbuzi kwenye mwanga wa dirisha, kama alivyofundishwa.

"Wa kulia."

Masele aliufunga mfupa wake taratibu, jinsi mama amvishavyo mtoto nguo, akashukuru, akaenda zake. Athanas alinawa mikono mara tatu. Ingawa alitumia koleo, ile harufu ilikaa chini ya kucha hadi chakula cha jioni, naye hakukila.

Jumatatu aliwakuta wanaume wawili kwenye benchi, kati ya akina mama na watoto wenye homa, kila mmoja amepakata kifurushi cha kaniki. Walimwamkia kwa heshima, wakasema wameelekezwa na Masele.

Apolonia alikuwa akipiga deki kibarazani. Kila asubuhi alimpa shikamoo. Leo, habari ya mkono wa Masele ikiwa imeshamfikia, alivitazama vile vifurushi, kisha akaitazama mikono ya tabibu, akatema mate kando, akainua ndoo yake na kuondoka.

Athanas alitamani kumwita amweleze. Lakini neno lingemfikia Masele, na udongo nyuma ya kanisa ulikuwa bado haujakauka. Akaufungua mlango, akamkaribisha wa kwanza.