Kikopo cha Sébastien

Mimi, Magloire Byukusenge, mwanafunzi wa bweni hapa Masisi, natangaza kwa heshima zote kwamba nimechangia utafiti wa dawa mpya ya kifua kikuu. Nilichangia makohozi. Hakuna aliyeniomba.

Aliyeombwa ni Sébastien wa Buleusa, jirani yangu wa kitanda. Alikuwa anajaribishwa vidonge vya miezi minne badala ya sita. Mwezi wa pili ulipokwisha, alitakiwa kukohoa ndani ya kikopo alfajiri, kabla ya kusukutua mdomo. Tulisimama nyuma ya bweni, ukungu umelalia maharagwe. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Likaanguka tone moja.

"Kifua iko mukavu, kaka," akasema, akaniachia kikopo, akaenda kunywa maji.

Nikamsaidia. Nilikuwa na kikohozi changu cha wiki tatu, nikakitumia vizuri. Nikafunga kifuniko, nikampelekea muuguzi wetu, Mama Emérita, na siku nzima nikacheka peke yangu. Sébastien alidhani tone lake limetosha.

Siku ya nne Mama Emérita alimwita. Nikamsindikiza.

"Microbe ya kifua kikuu ingali ndani," alisema, karatasi ya majibu mkononi. "Dawa mupya imeshindwa, mutoto yangu. Kesho pikipiki inakupeleka hospitali, utaanza upya na ile ya zamani."

"Na Exetat, Mama? Mutihani ya taifa iko kisha wiki mbili!"

"Utaifanya mwaka kesho."

Sébastien, aliyekuwa amenenepa hadi shati linambana, alitazama viatu vyake. Nilitaka kusema. Kabla sijafungua mdomo, mtu akakohoa.

Ni mimi.

Mama Emérita akaweka karatasi chini polepole. "Sébastien hajakohoa hata mara moja tangu aingie hapa. Ni we ndiye unakohoa. Tangu lini?"

"Ni vumbi, Mama."

"Vumbi, na mvua yote hii?" Akanikazia macho. "Ile kikopo, nani aliniletea?"

Sébastien akageuka kunitazama.

"Mimi, Mama."

"Na ndani?"

"Tone ni lake. Mengine yote ni yangu. Dawa haijashindwa, Mama. Mgonjwa ni mimi."

"Mujinga we!" Sébastien akapiga kelele, nusu kicheko, nusu kilio.

Mama Emérita alifungua dirisha, akaichana karatasi, akatoa vikopo viwili.

"Kila muntu na yake," akasema. "Na mara hii nitasimama pale nikiangalia."