Miguu ya Hekalu

Mtu mwenye kilemba alikuwa ameketi mchangani, kiwiko chake amekiegemeza juu ya kichwa cha nguzo. Mwanatabu alimwona siku ya ishirini ya kuitazama picha, akaona haya kwamba siku zote kumi na tisa alikuwa akimpita bila hata salamu. Mtu mwenyewe hakuzidi punje ya mchele. Alichorwa kwa mistari myembamba kuliko unywele, mbele ya hekalu la Misri ya kale, katika picha iliyopigwa chapa zamani kwa bamba la shaba. Karatasi yake ilikwisha kugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Picha ilikuwa ya Mzee Jafar wa Port Reitz, baharia mstaafu. Aliinunua Iskandaria katika ujana wake, siku ambayo meli yao ilitia nanga kwa saa chache tu, na hekalu lenyewe hakuwahi kuliona. Kwa miaka arobaini aliitundika sebuleni na kuwaonyesha wageni hata kabla hawajaletewa maji ya kunywa. Sasa alikuwa akiijenga upya nyumba yake, akataka mlango wa nakshi ambao miimo yake miwili, wa kulia na wa kushoto, ingekuwa nguzo za hekalu lile.

"Kama ilivyo," alimwambia Mwanatabu alipomkabidhi picha katika karakana yake huko Likoni. "Unywele usizidi, unywele usipungue. Ukiona huwezi, sema mapema. Hashim yupo."

Lilikuwa neno chungu, na mzee alilisema kusudi. Hashim alifunzwa kazi na marehemu Boga, baba yake Mwanatabu, na Boga alipofariki watu walisema mkono wake umezikwa naye. Binti alirithi patasi, na sifa ya kupiga msasa. Miaka mitano alikuwa akitengeneza milango ya baba yake iliyopasuka, na kila mteja aliyeridhika alitikisa kichwa akasema, "Ama Boga alikuwa fundi!" Huu ulikuwa mlango wa kwanza kuagizwa kwake yeye, tangu gogo mpaka komeo. Akiuharibu, wa pili hautakuja.

Na bado hakuwa ameutia patasi. Boga alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata kwa bintiye: mwimo huanzwa chini. Kitako kwanza, kisha mawimbi, kisha samaki, ndipo nakshi ipande. "Mlango ulioanzwa juu hukosa pa kukanyagia," alizoea kusema, na ole wake mwanafunzi aliyeanza na maua kwa sababu maua ni matamu kuchonga. Sasa kila Mwanatabu alipotafuta chini ya nguzo zile, hakukuona. Zilikuwa fupi na nene, zimechomoza mchangani kama visiki.

Hashim alipita siku moja, akatazama, akacheka.

"Chonga unachokiona, dada. Mteja ndiye jicho, sisi ni mkono tu."

"Na chini nianze na nini?"

"Na mchanga. Si ndio uliopo?"

Lakini siku ile ya ishirini, alipomwona mtu wa kilemba, Mwanatabu alijiuliza: ni nani huegemea kichwa cha nguzo? Nguzo iliyobeba jiwe kubwa vile, kichwa chake hakifikiwi ila kwa ngazi. Mtu yule hakuwa ameketi sakafuni mwa hekalu. Alikuwa ameketi juu ya mchanga uliolimeza hekalu hadi shingoni. Mchoraji alichora alichokikuta, na nguzo zenyewe zilikuwa zimesimama huko chini, nzima, bila mtu wa kuzijulia hali. Mwanatabu alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Angeweza kumpigia mzee simu na kumwomba ruhusa. Hakupiga, kwa kuwa alilijua jibu, na kwa kuwa, tuseme kweli, kiburi cha Boga hakikuzikwa.

Kesho yake akaanza chini.

Miezi miwili baadaye Mzee Jafar alifika, na hakuja peke yake. Alikuja na Hashim, awe shahidi. Miimo ilikuwa imesimamishwa ukutani, mbao ya mbambakofi iking'aa kwa mafuta. Mzee alishika picha mkono mmoja, na kidole cha mkono wa pili akakipitisha juu ya majani ya kichwa cha nguzo, jani kwa jani. Hakukosa hata moja. Kisha macho yake yakateremka.

"Nini hii?"

"Miguu yake, mzee."

"Katika picha yangu haimo."

"Imo chini ya mchanga. Mtazame huyu mtu alipoweka kiwiko."

Mzee aliisogeza karatasi mpaka ikakaribia kumgusa pua. Hashim alikohoa.

"Mzee, mimi nilimwambia achonge anachokiona."

"Nyamaza, Hashim. Natazama."

Mwanatabu aliiweka nyundo chini. Mzee alichuchumaa taratibu, magoti yakilia, akakipapasa kitako cha mviringo, akayapapasa mawimbi, akafika kwa samaki wawili wasio na macho, kama Boga alivyozoea kuwachonga.

"Ulijuaje kuwa chini kuko hivi?"

"Sikujua. Nilijua tu kwamba miguu ipo."

"Na hawa?"

"Hao si wa Misri. Hao ni wa Likoni."

Mzee aliinua uso.

"Nilikwambia unywele usizidi."

"Ulisema, mzee."

"Umezidisha dhiraa mbili." Akaishika miguu ya nguzo kwa viganja vyote viwili. "Wallahi, miaka arobaini najisifu kwa hekalu lililozama, na leo ndio naliona limesimama."

Alipoinuka alitazama kizingiti cha juu, ambako jina lake na mwaka vilichongwa kama ada ilivyo.

"Langu nimeliona. Lako li wapi?"

"Fundi haandiki jina, mzee. Baba hakuandika hata siku moja."

"Baba yako hakuuchonga huu."

Kisha Hashim, bila kuombwa, alichagua mezani patasi iliyo ndogo kuliko zote, akaifuta kwa shati lake na kumpa.

Mwanatabu aliipokea. Hakuelekea kwenye kizingiti, ambako wageni hutazama. Alipiga magoti katika vumbi la mbao, chini ya samaki, akaanza.