Neno la Siri la Ukoo Mzima

Mshona mapazia aliiweka simu juu ya kitambaa alichokuwa akikipinda ukingo, akabaki ameibana kwa kiganja kana kwamba ingekimbia. Aliyepiga alikuwa muuguzi mstaafu, mteja wake wa miaka mingi. Asubuhi hiyo pesa zake za benki zilikombwa zote, na kadi yake alikuwa ameitumia mahali pamoja tu: kwenye duka la mtandaoni la huyu mshona mapazia.

"Shemeji, njoo hapa."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyeshika mambo ya kompyuta. Mafundi cherehani walimwita Bosi kwa ajili ya kiti chake cha kuzunguka. Akaja amekikalia hivyo hivyo, akijisukuma kwa visigino.

"Picha za kadi za wateja umeziweka wapi?"

Bosi alijikuna shingo. Ukurasa wa malipo ulikuwa ukigomagoma, kwa hiyo aliwaambia wateja waipige kadi picha, mbele na nyuma, wamtumie. Alizihifadhi kwenye mfumo wa duka, kila moja kando ya vipimo vya madirisha na anwani ya nyumba, ili mteja akirudi asisumbuke.

"Zipo. Ila juzi kuna watu waliingia. Waliniandikia barua pepe, wakajifanya kampuni ya malipo, wakaomba neno la siri. Nikawapa. Nilipostuka nikalibadilisha."

"Kwa hiyo tangu juzi unajua."

"Nilitaka msimu wa mauzo upite kwanza. Usinipandishie sauti, shemeji."

"Sijakupandishia bado."

Mwanzoni mwa mwaka fundi wa kompyuta alishawaambia: kila mtu awe na neno lake la siri, na kadi za watu zisihifadhiwe kabisa. Bosi akanuna. Akaenda kumlilia mama yake kwamba anafungiwa milango kwenye kazi ya kaka yake, kama mwizi. Mama mkwe akapiga simu, mawifi nao wakapiga, kila mmoja na heshima ya familia mdomoni. Basi, ili watu walale kwa amani, likabaki neno moja la wote. Nalo lilikuwa jina la marehemu.

"Wezi wamefungua duka langu kwa jina la mume wangu," alisema polepole. "Na aliyewapa ni ndugu yake."

"Tukisema tumekwisha. Nani atanunua tena? Tuwaambie ni benki. Yatapoa."

"Yule mama anaishi peke yake. Wana kadi yake, wana anwani yake, hata upana wa dirisha la chumba anacholala wanaujua. Halafu wewe unaniambia yatapoa?"

Cherehani za chumbani zikanyamaza. Mafundi waliinamia vitambaa vyao, masikio wima.

"Funga duka la mtandaoni. Sasa hivi, nikiona. Kisha mwite yule fundi uliyemnunia."

"Mama atasemaje?"

"Mwambie nimekufungia mlango. Safari hii ni kweli."

Bosi alibonyeza huku midomo imemtoka mbele kama mtoto aliyenyang'anywa sahani. Kioo kikaandika kwamba duka limefungwa. Mshona mapazia akampigia muuguzi.

"Mama, kosa ni letu, si la benki. Kadi yako imeibwa kwetu. Waambie benki waifunge, na usimfungulie mtu atakayesema ametumwa na sisi."

Muuguzi aliuliza swali moja tu.

"Mmejua lini?"

Angeweza kusema leo. Yeye mwenyewe alijua leo.

"Dukani kwangu walijua juzi."

"Juzi," muuguzi alirudia, "pesa zangu zilikuwepo." Simu ikakatwa.

Mshona mapazia alimsogezea Bosi ile simu mpaka ikagusa kiwiko chake.

"Mteja anayefuata unampigia wewe. Mimi nakaa hapa hapa nisikie."