Mwalimu wa Alhamisi

Tangu shule ianze kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu chuo cha ushonaji kila Alhamisi, ili wakimaliza shule waingie chuoni moja kwa moja, fundi cherehani hakuwa na raha na bintiye.

"Mama, mwalimu anasema mkono wa gauni ushonwe begani kabla ubavu haujafungwa."

"Na mimi niliyekuvisha tangu utotoni, nasemaje?"

Binti akacheka. "We mama nawe! Una wivu kama mke mwenza."

Neno lile lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Yeye ndiye aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano. Leo mgeni anavuna asipopanda. Binti alipokwenda dukani, mama aliijaribu njia ile, huku akiomba mkono ujikunje, ili aibu iwe ya mwalimu. Ukalala begani bila mkunjo hata mmoja. Akaukodolea macho kama adui.

Binti aliporudi aliutazama mkono, akamtazama mama yake, akabana midomo.

"Usinichekee," mama alisema. "Alhamisi kamuulize na habari za kola. Zangu hazijawahi kutulia."