Mkono Unaobana

Tangu tumzike mume wangu Zedekiah kule Vihiga, nimekuwa nikiishi na binti yangu Maurine huku Mutuini. Anafanya kazi katika ofisi moja mjini. Huondoka kabla sijaamka na kurudi akiwa hoi, nami mchana kutwa nasikiliza kuku wa jirani. Nilimwambia nisipopata watu huku, Krismasi nitarudi nyumbani moja kwa moja, hata kama nyumba ni tupu. Hakubishana nami. Alisema tu kwamba hapo jirani, Waithaka, kuna kanisa ambalo akina mama hukutana kila Alhamisi kufuma vitambaa.

Nikaenda. Walikuwa wakifuma kitambaa cha meza ya Bwana, kila mmoja na vipande vyake vya mraba, ili baadaye viunganishwe. Waliomba kwa Kikuyu, nami nikaitikia amina walipoitikia. Lakini sindano zilipoanza sikuhitaji mkalimani. Nyawira, aliyeketi kando yangu, aliona vidole vyangu vimevimba, akanisogezea kiti cha karibu na dirisha, penye jua. Nilifuma Alhamisi baada ya Alhamisi, na nyumbani pia, chai ikipoa.

Siku ya kuunganisha tulivitandaza vipande vyote mezani. Vyangu vilikuwa vidogo. Uzi uleule, sindano ileile, ua lilelile, lakini mkono wangu ulikuwa umebana mno, na kila kipande kilipungua upana wa kidole. Wakaanza kuzungumza kwa Kikuyu, taratibu, na katikati ya maneno nikasikia Mama Maurine, ndivyo wanavyoniita. Nikajua wanatafuta namna ya kuviacha vyangu bila kuniumiza. Nikaaga, nikasema kichwa kinaniuma.

Jioni nilimwambia Maurine sitaenda tena. Aliniomba niende mara moja tu, nirudishe uzi uliobaki, kwa kuwa ulinunuliwa na kanisa.

Alhamisi ilipofika nilitembea polepole, nikisimama kila penye kivuli. Niliwakuta wameketi, nyuzi zilizojikunjakunja zimewajaa mapajani. Mama Wamucii, mkubwa wao, mwenye nyumba za kupangisha na sauti ya kuamrisha, alinitazama juu ya miwani.

"Hiyo uzi unapeleka wapi?"

Nikasema nimekuja kuurudisha.

"Kaa chini, Mama Maurine. Tumefumua zetu zote, tunaanza tena na sindano ndogo. Yako haiwezi kuvutwa, lakini yetu inaweza kupunguzwa."

Nilimwambia ingekuwa rahisi zaidi kuondoa vyangu. Alifuma mstari mzima kabla ya kunijibu.

"Wakati nilizika Jamleck wangu, mkono yangu ilikaza hivyo hivyo. Mwaka mzima. Nilifuma soksi haingii hata mguu ya paka."

Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikalia kidogo, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nyawira aliuliza kama sasa kitambaa kitafunika meza yote. Mama Wamucii akasema meza ya Bwana ina miguu mizuri, acha ionekane.

Tukafuma hadi jua likaondoka dirishani. Migongo ilikuwa inatuuma sote, na kazi ndiyo kwanza inaanza. Tulipofunga kazi, Mama Wamucii aliomba kwa Kiswahili, akitafuta kila neno kama mtu anayetafuta funguo gizani. Wengine wote pale wanajua Kikuyu.

Maurine aliporudi jioni, nilimwambia Krismasi twende Vihiga kusafisha kaburi la baba yake, kisha turudi huku sote wawili. Alikuwa amesinzia kitini, kiatu kimoja bado mguuni. Nikainama polepole, nikamvua.