Kiota Juu ya Magugu

Miezi minne baada ya kumzika mumewe, fundi cherehani aliamshwa na wifi yake, aliyekuwa akigonga dirisha kwa mpini wa reki.

"Toka, wifi. Ukizidi kukaa humo utaota ukungu."

Fundi hakutaka kwenda. Wifi huyo, mkunga mwenye mikono mipana na mdomo usio na pazia, hakuwapo siku kaka yake alipokata roho. Alifika kesho yake, nguo zikinuka dawa, na tangu hapo wakawa wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Lakini magugu yalikuwa yameziba ziwa mpaka mabomba ya mtaa yakawa yanakohoa matope, na kila nyumba ilitakiwa itoe mtu. Akavaa gauni kuukuu, akatoka.

Ukungu ulilala juu ya maji hata usijue ziwa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Wanawake wakaingia mpaka kiunoni. Kazi yenyewe haikutaka maneno: unayakata magugu kwa mundu, unayakunja kama jamvi, unayasukuma ufukweni ambako wenzako wanayapakia kwenye toroli. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, kama nywele za mtu aliyelala. Kila jamvi lililotoka liliacha dirisha la maji, na dirishani wakaja wenyeji. Vidagaa vikapita pamoja, vikageuka pamoja. Mdiria akatulia hewani, akapiga mbizi, akaibuka na kitu kinachometa. Yangeyange watatu, weupe pe, wakawa wanamfuata mkunga nyuma nyuma wakidokoa wadudu aliowafurusha.

"Hawa wananiandama kama wajawazito wa kliniki," mkunga alisema.

Fundi akacheka kabla hajajizuia. Kicheko kilikwenda mbali juu ya maji, kikakawia kurudi. Alikuwa amesahau sauti yake inavyokuwa ikicheka. Maji yalimshika mbavuni, vuguvugu, na kwa muda hakujua kama amesimama au anaelea.

Ndipo mundu wake ukakaribia kumgusa ndege. Alikuwa wa rangi ya kutu, kipaji cha uso cha buluu, vidole virefu ajabu vilivyotandazwa juu ya majani. Hakuruka. Alipochoka kutazamwa alijiinua taratibu, akasogea pembeni. Chini yake palikuwa na mayai manne ya kahawia, yamechorwachorwa mistari myeusi kana kwamba mtu alikuwa akijaribu kalamu.

"Hapo hapo ndipo penye mdomo wa bomba," msimamizi wa pampu alisema kutoka ufukweni. "Lazima pawe wazi leo."

Wanawake wakatazamana.

"Tukizunguke kiota," fundi alisema. "Kama shingo ya gauni. Tunakata mbali na mshono, halafu tunakisogeza chote kwenye matete."

"Polepole basi. Mzazi hakurupushwi," mkunga alisema.

Wakakata duara pana, wakakishika kisiwa kile huku na huku, wakaanza kurudi nacho kinyumenyume, unyayo baada ya unyayo. Ndege alifuata juu ya majani akilalamika.

"Huyo ni baba," mkunga alisema. "Kwao dume ndiye anayelalia. Jike ameshakwenda zake."

Walipofika katikati ya njia, mkunga akasema tena, sauti imeshuka, "Siku ile nilikuwa nimeshika kichwa cha mtoto. Habari ilifika mlangoni. Ningemwachia nani, wifi?"

Fundi aliyatazama mayai yakitikisika kidogo katikati yao.

"Aliishi?"

"Aliishi. Msichana. Mikelele mitupu."

"Kaka yako alikuuliza," fundi alisema. "Nikamwambia uko kazini. Akasema, 'Basi mwacheni.'"

Mkunga aliinamisha uso. Mikono yake haikuachia kisiwa.

Walikiegesha ndani ya matete, wakarudi nyuma, wakangoja. Kungoja kule kulikuwa kurefu. Ukungu ukayeyuka, bata maji wakapita na familia zao. Mwishowe ndege akapanda kisiwani, akayakagua mayai moja moja kwa mdomo, akakalia.

Jioni mabomba yalitoa maji meupe. Wiki mbili baadaye, asubuhi, mawifi hao walirudi na kiti kimoja kimoja, wakakaa kando ya matete. Baba alikuwa akitembea juu ya majani, mbawa amezibana, na chini ya mbawa vikining'inia vijiguu vyembamba vya makinda aliowabeba.

"Miguu minane," mkunga alisema.

"Sita," alisema fundi. "Kinda mmoja yule anaogelea pembeni, hujamwona."

Wakabishana, wakahesabu upya, na jua likapanda bila mmoja wao kutaja kuondoka.